Bahari ya lita 160: namna ya kuanza tangi la kwanza la samaki wa maji chumvi

Mtoto wa kaka yangu, aliyeko Wete, alinitumia sauti kwenye simu. "Shikamoo Ami. Nataka tangi la samaki wa baharini kama lako. Bahari ninayo hapa hapa, maji bure, samaki bure. Niambie tu ninunue pampu gani." Nikamjibu kwamba pampu tutaifikia, kwanza aliondoe hilo neno bure. Yanayofuata ndiyo niliyomwambia siku baada ya siku. Nimeyakusanya kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyeko Unguja au Pemba ambaye moyo wake umeingia katika jambo hili.

Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu ipo Mlandege, na ninakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Tangi nililonalo sasa lina miaka sita. La kwanza liliishi miezi minne tu, na nitaeleza kilicholiua, kwa sababu ni kosa ambalo fundi yeyote wa hapa anaweza kulifanya huku akidhani anatengeneza.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Sisi tumezaliwa na bahari mlangoni, tukaizoea hata tukadhani tunaijua. Bahari inasamehe kwa sababu ni kubwa. Samaki akifa mwambani, maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na uozo wote huchukuliwa. Ndani ya tangi hakuna kupwa wala kujaa. Kipande cha dagaa kilichobaki nyuma ya jiwe kinaoza mle mle, na samaki anavuta sumu yake mle mle. Kwa hiyo kazi yako, tangu siku ya kwanza, ni kufanya kwa mkono na kidogo kidogo kile ambacho bahari inakifanya kwa wingi wake.

Tangi na mahali pake

Usianze na tangi dogo. Maji machache hubadilika upesi: hupata joto upesi, hukolea chumvi upesi, hujaa sumu upesi. Langu nilitengenezewa na fundi vioo, urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45, kioo cha milimita 10. Nikilijaza mpaka sentimita 40 linachukua lita 162. Chini ya lita 100 simshauri mtu anayeanza.

Mwambie fundi atumie silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Nyingi za bafuni zimetiwa dawa hiyo, na dawa inayoua ukungu ukutani haitamwacha samaki. Iache wiki nzima ikauke. Kisha lijaze tangi maji ya bomba, liache uani siku tatu juu ya magazeti makavu. Gazeti likilowa umejua panapovuja, tena umejua kabla sebule haijaogelea.

Sasa uzito. Lita 162 za maji ya bahari ni kilo 166. Vioo vyenyewe karibu kilo 40. Tia mawe, mchanga na meza, unakaribia kilo 250 zilizosimama mahali pamoja usiku na mchana. Mwenye nyumba ya chini ya zege hana la kuwaza. Sisi wa Mji Mkongwe sakafu zetu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko, kutoka ukuta hadi ukuta, zikabebeshwa mawe na chokaa. Boriti hizo zimebeba harusi na maiti miaka mingi, lakini watu huja na kuondoka, tangi haliondoki. Mimi langu nimeliweka chini, ukumbini, mkabala na daka. Ikiwa huna budi kuliweka juu, lisogeze kwenye ukuta mnene, pale zinapoingia ncha za boriti, na meza uilaze ikatize boriti kadhaa, isikae kwa urefu juu ya moja. Na kabla ya hayo, mwite fundi azigonge asikilize kama mchwa wameingia.

Weka mbali na dirisha linaloingiza jua. Jua litakuletea mwani juu ya vioo, na litakuletea joto, ambalo ndilo adui mkubwa wa tangi katika visiwa hivi.

Maji ya kuchota na maji ya kuongeza

Walio mbali na bahari hununua chumvi ya kutengenezea maji haya na kuichanganya nyumbani. Sisi tunachota, na hiyo ni neema kubwa, ila ujue pa kuchota na wakati wa kuchota. Usichote Forodhani, Malindi, wala bandari yoyote. Pana mafuta ya vyombo na mifereji ya mji. Wete nako, maji ya ndani ya ghuba yana tope la mikoko. Nimemwambia mwanangu huyo atafute pwani iliyo wazi.

Mimi huchota Uroa, kwa wakwe zangu, wakati wa bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Kwetu siku hizo maji hujaa mida ya saa kumi alasiri, na kutoka kupwa hadi kujaa huwa kama mita 4. Maji yanayoingia wakati huo yanatoka bahari kuu, yamevuka mwamba, ni maangavu hata unaona vidole vya miguu. Naingia mpaka kifuani, nazamisha dumu likiwa limefungwa, nalifungulia chini. Hivyo sichoti povu na mafuta yanayoelea juu.

Madumu yawe ya maji tangu yalipotoka kiwandani. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au sabuni, hata ukalisugua mara kumi, liache. Nyumbani nachuja maji kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, iliyofuliwa kwa maji matupu. Nayafunika, nayaweka gizani wiki moja ili vidudu vidogo vife na vitue chini, kisha namimina ya juu na kuacha machicha. Usiku wa kabla ya kuyatumia nayapuliza kwa pampu ya hewa.

Usichote baada ya mvua kubwa. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, maji ya pwani hupungua chumvi na huchukua kila uchafu ulioshuka kutoka juu. Kabla masika hayajaanza mimi huwa na madumu kumi ya lita 20 yamejaa, yamepangwa chini ya ngazi.

Chumvi ya bahari yetu ni takriban gramu 35 kwa lita. Kwenye haidromita, kile kipimo cha ukolevu wa chumvi, utasoma kati ya 1.024 na 1.026. Haidromita ni rahisi, lakini kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye mshale kinakudanganya. Ukimpata ndugu anayetoka Dubai au Dar es Salaam, muagize rifraktomita, ile unayodondoshea tone la maji na kuchungulia kwenye mwanga.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yakipungua kwa kukauka, yanayoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukiongeza ya bahari, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na kila siku unazidi kukoleza mpaka samaki wanakosa raha na hujui kwa nini. Maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji matamu. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, na kila asubuhi yajaze mpaka hapo. Mimi hutumia maji yaliyochujwa ya dumu la lita 20, yale ya kunywa. Visima vya mjini vingi vina chumvi yake na mambo mengine, na maji ya bomba yakitiwa klorini huua wale bakteria wa kusafisha maji tutakaowazungumza huko mbele.

Joto, na kilicholiua tangi langu la kwanza

Maelekezo mengi ya ugenini yanaanza na hita ya kupasha maji. Kwetu hita usinunue. Bahari yetu huwa kama nyuzi 25 kipindi cha kusi, mwezi wa nane, na hupanda kufikia 30 mwezi wa tatu, kaskazi inapokwisha na upepo kulala. Ndani ya nyumba, pampu na taa zikiongeza joto lao, tangi linapita hapo. Shabaha yako ni nyuzi 25 mpaka 28. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na wakati huo huo samaki ndani yake huhitaji hewa zaidi. Mwaka 1998 bahari hii hii ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, lita 160 zitastahimili nini?

Nikiwa fundi wa friji niliona hili ni jambo langu. Nikachukua friji bovu la mlango mmoja, kompresa nzima, nikapinda paipu ya shaba mizunguko minane na kuizamisha ndani ya tangi. Nikatia gesi. Kufika jioni kipimo kilisoma 25. Nilikaa mbele ya kile kioo nikamwita mke wangu aje aone.

Siku ya tatu konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo. Vikaa vidogo vinavyobeba magamba ya konokono vikatoka nje ya magamba yao, uchi, jambo ambalo havifanyi vikiwa vizima. Kamba walilala ubavu. Samaki wawili waliendelea kama siku sita, kisha wakajificha na kuacha kula. Nilidhani ni ugonjwa. Nikabadilisha maji yote, nikatia konokono wengine, wakafa nao.

Ilikuwa shaba. Maji ya chumvi huila shaba, na shaba iliyoyeyuka, kidogo mno isiyoonekana wala kunusika, ni sumu kwa konokono, kaa, kamba na matumbawe. Mawe ya chokaa huinywa na kuitoa taratibu baadaye, ndiyo maana kubadilisha maji hakukusaidia. Nilitupa mawe yote na mchanga wote. Mashine za kupozea maji chumvi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hutumia titani, chuma ambacho chumvi haikiwezi, na bei yake siyo ya mtu anayeanza. Basi: shaba isiguse maji yako popote, si paipu, si koki, si skrubu, si sarafu ya mtoto. Shaba nyeupe na shaba nyekundu zote ni mamoja.

Dawa niliipata kwa mama yangu, ambaye hajawahi kuliangalia tangi kwa zaidi ya dakika moja. Alikuwa akimimina maji ya kunywa kutoka mtungini. Mtungi unatoa jasho, jasho linakauka, na likikauka linaondoka na joto, maji yaliyobaki ndani yanapoa. Ndiyo kazi ile ile ninayoifanya kwenye friji kila siku, gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa. Nikafunga feni mbili ndogo za kompyuta, za volti 12, zipulize juu ya uso wa maji, na kifuniko nikakibadilisha kuwa wavu. Maji yakashuka kutoka 30 na nusu mpaka 27 na nusu. Hupoteza lita tatu kwa siku kwa kukauka, na hizo ndizo ninazozirudisha kila asubuhi kwa maji matamu. Kipindi cha fukuto, hewa ikiwa imejaa unyevu, feni hazifui dafu kama kawaida. Hapo natia chupa moja ya maji yaliyogandishwa, imefungwa vizuri, ielee humo. Moja, siyo nne. Kuteremsha joto ghafla kunamuumiza samaki kama kulipandisha.

Mawe na mchanga

Tumbawe hai usilivunje. Tumbawe lile gumu la mviringo halikui hata sentimita 2 kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu lina umri wa kijana aliyemaliza skuli. Matumbawe magumu yote na farasi bahari yamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe baina ya nchi. Na kuna sehemu zetu zilizotengwa: Chumbe tangu 1994, Ghuba ya Menai tangu 1997, Misali kule Pemba tangu 1998. Popote utakapotaka kuchukua kiumbe chochote baharini, hata kikiwa kidogo, nenda kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya na kwa sheha wa pwani hiyo, uliza, pata ruhusa. Mimi nilikwenda na mkwe wangu, ambaye wanamjua, tukakaa na kamati ya wavuvi, nikaeleza nataka nini na kwa nini. Waliniuliza maswali mengi, na walikuwa na haki.

Mawe tunayo tele bila kugusa bahari. Ardhi ya uwandani kwetu ni matumbawe ya kale yaliyokufa zama na zama. Tafuta mawe yenye matundu mengi, mepesi kwa ukubwa wake, kama kilo 20. Usichukue ya nyumba iliyobomoka, yana chokaa na rangi. Yasugue kwa brashi, yaloweke maji ya bomba wiki tatu ukibadilisha kila siku chache, kisha yaanike. Yapange yawe na mapango na njia za maji kupita, na yakae juu ya kioo cha chini kabla hujatia mchanga, maana wapo samaki wanaochimba, na jiwe likiporomoka linavunja tangi. Mchanga sentimita 3 unatosha.

Vifaa vyenyewe havinipi maneno mengi. Pampu mbili za kuzungusha maji, zikitazamana kwa pembe ili mkondo usiwe wa upande mmoja. Kifaa cha kutoa povu, ambacho hupuliza viputo vidogo ndani ya bomba na uchafu hupanda navyo kuingia kwenye kikombe cha juu. Ukiona kikombe kimejaa maji ya rangi ya chai, kinafanya kazi. Taa ya LED, saa nane kwa siku. Waya za umeme ziache zining'inie chini kuliko soketi kabla hazijapanda kuingia humo, ili tone la maji likishuka na waya lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Na weka swichi ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Maji chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mkono wako utakuwa humo kila wiki.

Arubaini ya tangi

Mzazi kwetu hukaa ndani siku arubaini na mtoto wake. Hakuna anayeuliza kwa nini hatoki. Tangi nalo lina arubaini yake, na wanaolitoa mapema ndio wanaozika samaki.

Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Amonia ni sumu, na katika maji ya bahari ni kali kuliko katika maji matamu, kwa sababu maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu, kama 8.2, na hapo sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa katika hali inayopenya mwilini mwa samaki. Wapo bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wapo wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huistahimili, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa kwenye matundu ya mawe na kwenye mchanga. Tangi jipya halina wa kutosha. Ukitia samaki siku ya pili, unamtia katika maji ambayo hayana wa kuyasafisha.

Basi jaza maji, washa pampu, tia kikombe kimoja cha mchanga uliotoka chini ya maji safi ya bahari, ambao tayari una bakteria, kisha tumbukiza kamba mmoja mbichi ndani ya kipande cha soksi. Aoze. Nyumba itanuka kidogo, wahi kuwaambia wenzio. Pima kila baada ya siku mbili kwa vile vichupa vya kupimia amonia, nitriti na nitrati, na uandike. Daftari langu linasema amonia ilipanda mpaka siku ya 9, ikashuka. Nitriti ikafuata, ikakaa juu mpaka siku ya 23. Siku ya 38 zote mbili zilisoma sifuri, na nitrati ilikuwepo. Kwa kawaida huchukua wiki nne mpaka sita.

Katikati ya muda huo vioo na mchanga vitapata vumbi la kahawia. Kisha utaona mwani wa kijani. Usikate tamaa wala usimwage maji. Ni hatua za tangi kukua.

Zote zikisoma sifuri, usishangilie bado. Tia chakula kidogo, ngoja siku moja, pima tena. Zikibaki sifuri, badilisha robo ya maji, na tangi limetoka arubaini.

Wa kuanza nao

Kila mtu anamtaka yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni, anayelala ndani ya anemoni, yule mnyama kama ua mwenye vidole vinavyonata. Ni mzuri, na ni mgumu wa mwili pia. Anaishi tangini hata bila anemoni. Lakini ukimtoa mwambani umeiacha anemoni yake bila mlinzi, na kitatange huja kuila. Na anemoni yenyewe inataka mwanga mkali na tangi lililokomaa mwaka mmoja au zaidi. Hao waache kwao.

Mimi nakushauri uanze na wakaazi wa vidimbwi. Wakati wa bamvua, maji yakipwa asubuhi, tembea juu ya mwamba wa pwani uangalie vidimbwi vilivyobaki. Mle mna visamaki vya urefu wa kidole vinavyokaa chini na kurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe, mna konokono wadogo, mna vikaa vya kubeba magamba, na pengine yule samaki aitwaye kifuu, akiwa bado mdogo. Viumbe hawa wamezoea shida. Jua linawapigia saa tatu nne, maji yanapata joto na kukolea chumvi, mvua ikinyesha yanapoteza chumvi, na wao wapo. Tangi la mtu anayeanza ni kidimbwi cha namna hiyo. Nilikaa miaka miwili na wakaazi wa vidimbwi tu, na wageni waliokuja barazani kunywa kahawa walikuwa wakiingia ndani kuwatazama wakisahau vikombe vyao.

Konokono, usishike yeyote mwenye umbo la koni, mrefu na mwembamba upande mmoja, mwenye gamba la mapambo. Wako wenye mwiba wa sumu inayoua mtu. Hata gamba ukidhani ni tupu, liache.

Kwanza ingiza konokono watano na vikaa vitatu. Ngoja wiki mbili, ukipima. Halafu samaki mmoja. Wiki mbili tena, wa pili. Idadi ya bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula chao. Ukileta samaki watano siku moja, amonia itawashinda. Wa nne kwenye tangi kama langu ndiye wa mwisho.

Kumwingiza: mlete ndani ya ndoo yenye maji ya alikotoka na pampu ya hewa ya betri. Nyumbani mwongezee kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika kumi, kwa saa nzima. Kisha mchote kwa wavu mlaini, maji ya ndoo usiyamimine tangini. Nina beseni la lita 30 ambamo mgeni hukaa wiki mbili kwanza nimwangalie kama ana madoa meupe kama punje za chumvi. Wapo wanaotibu madoa hayo kwa dawa ya shaba. Katika beseni sawa, kwa kipimo. Katika tangi kuu, umeshajua.

Usije ukamchukua pono, atakuwa mkubwa kuliko tangi na kazi ya meno yake ni kutafuna mwamba. Kitatange wengi hula matumbawe na tangini hufa njaa huku umewamwagia chakula. Chewa na mkunga watakula wenzao. Pweza atafungua kifuniko usiku utamkuta sakafuni. Farasi bahari hutaka chakula hai kila siku, na nimekwisha kusema habari ya sheria yake.

Chakula ni mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Kamba au dagaa mbichi, aliyegandishwa kwanza, akakatwa vipande kama punje ya mchele, akasuuzwa. Wala majani wape mwani. Mtoto akikuambia samaki ana njaa kwa kuwa anamfuata kwenye kioo, mwambie samaki humfuata yeyote aliyemlisha jana. Kila wiki mbili, toa lita 20 kwa mpira mdogo ukinyonya uchafu wa mchangani, urudishe lita 20 za maji ya bahari uliyoyahifadhi, yakiwa na joto lile lile.

Umeme ukikatika

Utakatika. Wenye umri wangu wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Pampu zikisimama, hewa ndani ya maji huanza kupungua saa ile ile, na usiku wa joto samaki huanza kuvuta pumzi juu ya maji baada ya saa chache. Nina betri ya gari ya ampea-saa 50 na kigeuzi kidogo cha kuufanya umeme wake uwe kama wa nyumbani. Pampu moja ya wati 10 huenda usiku kucha. Kabla ya kuipata nilikuwa na pampu ya hewa ya betri za tochi. Na kabla ya hiyo, nilikaa na jagi, nikichota na kumimina kutoka juu kila robo saa, mpaka alfajiri. Mama alikuja akaniona, akasema, "Mwanangu, umemfunga mwenyewe, basi hewa yake iko shingoni mwako." Alikwenda akanipikia chai. Usilishe samaki umeme ukiwa umekatika, na feni ziwashe kwanza umeme unaporudi, kisha taa.

Mtoto wa kaka yangu leo yuko siku ya 31. Amonia yake ni sifuri tangu wiki iliyopita. Nitriti bado. Jana usiku alinipigia: "Ami, nimemwona kifuu mdogo kidimbwini, mweusi, ana doa jeupe. Nimewaandikia uvuvi, wamenipa ruhusa. Nimchukue?" Nimemwambia anitumie picha ya kichupa cha nitriti kila siku ya pili, na kwamba yule kifuu asimguse mpaka nitakapoiona haina rangi mara mbili mfululizo.